Yale macho mekundu ku afishi

Wandugu, wiki iliyopita rafiki yangu mmoja, tuliyemaliza naye masomo na ambaye leo anakula kwa kutengeneza afishi ku ordinatera, alinitumia picha kwa WhatsApp. Chini yake aliandika: "Angalia, uniambie kama inaogopesha." Ilikuwa afishi ya filme fupi ambayo vijana fulani wa hapa Bukavu wanataka kutoa. Katikati kuna uso wa mama mzee. Nyuma yake nyumba inawaka moto. Jina la filme linatiririka damu, kama kawaida. Na macho ya yule mama ni mekundu, ule wekundu wa Photoshop usiofanana na kitu chochote hapa duniani.

Nilimjibu tu: "Inaogopesha." Kiisha nikabaki naiangalia. Yule mama simjui, lakini ule uso niliujua. Niliuona mara ya kwanza nikiwa na miaka 8 ao 9, kule Kadutu, ku mulango wa sine-video moja ya mbao. Ku ukuta walikuwa wanabandika karatasi za kaseti, na baadaye za VCD, ili wapita-njia wajue filme ya siku. Sisi tusio na franka za kuingia tulisimama pale inje, tukaangalia zile karatasi mpaka tukatunga filme zetu wenyewe. Siku moja kulikuwa mwanamke mzee wa filme ya Nigeria, kitambaa kichwani, macho mekundu, moto ukitoka mikononi mwake.

Jioni nilirudi nyumbani, nikamukuta koko, mama wa mama yangu, amekaa mu jiko anapuliza kuni mbichi. Akageuka kuniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu. Usiku ule nilikataa chakula chake. Aliniuliza kama nina homa, nikasema ndiyo. Ilichukua siku nyingi mimi kula tena mkononi mwake bila kuogopa, na mpaka alipokufa sikumwambia kwa nini.

Basi nilitaka kujua ule uso ulitoka wapi, na nani aliyapaka yale macho rangi. Miezi kadhaa sasa nasoma juu ya afishi za filme za kutisha, toka za zamani mpaka zile ndogo za ku telefone, na kuna jambo moja sijaona likisemwa hapa kwetu.

Tuanzie mbali. Mu miaka ya 1930 kule Marekani, kampuni ya Universal ilitoa Dracula na Frankenstein mwaka wa 1931, kiisha The Mummy mwaka wa 1932. Afishi zao zilichorwa kwa mkono na kuchapwa kwa rangi nzito, kubwa, za kubandikwa mbele ya sinema, na filme ikiisha zinatupwa. Ndiyo sababu zilizobaki ni chache na bei yake ni ya wazimu: moja ya The Mummy iliuzwa mnada mwaka wa 1997 kwa zaidi ya dola 450,000. Sasa uliza: zile afishi zilisema ubaya unatoka wapi? Unatoka mbali. Transylvania, Misri, kisiwa ambacho haikijulikani. Mwaka wa 1932 ilitoka pia White Zombie, hadithi ya Haiti, ambamo macho ya Bela Lugosi yanajaa skrini nzima kukuamuru. Neno lenyewe zombi, wataalamu wengi wanaliunganisha na lugha za huku kwetu Kongo, lilivuka bahari pamoja na watumwa. Kwa hiyo tulikuwa tayari ndani ya zile afishi, wandugu, ila tulikuwa upande wa kitu cha kuogopwa. Mzungu alinunua tiketi ili aogope mgeni.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 1968 na Rosemary's Baby. Afishi yake ni kijani kibichi cha ugonjwa: uso wa mwanamke umelala kwa upande, mkubwa kama mlima, na mbele yake kigari kidogo cha mtoto mchanga, cheusi, juu ya mawe. Hakuna meno, hakuna damu. Ubaya umehama, umeingia mu nyumba, mu tumbo la mama, mu jirani mwenye adabu anayekuletea kinywaji. Na mchoraji hakuonyesha kitu.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1973, ikaja ile ambayo kwangu mimi haijapitwa: The Exorcist. Kazi ya Bill Gold. Usiku, ukungu, mwanaume mwenye kofia na sanduku amesimama chini ya taa ya barabarani, na mwangaza wa dirisha moja la juu unamwangukia. Basi. William Friedkin aliyeongoza filme alisema wazo la ile picha lilitoka kwa mchoro wa Magritte, Mbelgiji, wa nyumba ya usiku chini ya anga la mchana. (Vitu vilivyotufikia kutoka Ubelgiji ni vingi, hiki angalau ni kizuri.) Angalia namna ilivyofanya kazi. Filme nzima inahusu msichana aliyeingiwa na shetani, na watu walizimia ndani ya sinema kwa kuuona uso wake. Lakini afishi ilimficha msichana. Inje, barabarani, mtoto hakuonyeshwa kama pepo. Tuliyeonyeshwa ni mtu anayekuja kusaidia, na hatujui kama ataweza.

Kiisha ikaja kaseti ya video, na kila kitu kikapungua ukubwa. Hapa ndipo watu wengi wanakosea wanaposema wachoraji wa zamani walikuwa na akili na wa leo ni wavivu. Ukubwa wa karatasi njo unaamua. Afishi ya mita moja ukutani inaweza kunong'ona, wewe utasimama uisikilize. Karatasi ya kaseti, kati ya kaseti mia mbili zingine, inabidi ipige kelele. Mwaka wa 1984 A Nightmare on Elm Street bado ilipata mchoro wa heshima wa Matthew Peak, msichana kitandani na mkono wa visu juu ya kichwa chake. Lakini nyingi za miaka ile ni meno, shoka na jicho linalotoka. Baada ya Scream ya 1996 tukapewa safu ya vichwa vya waigizaji, kila kimoja kinakuangalia kama foto ya karte d'elektere. Sitapoteza muda hapo.

Afrika ya Mangaribi ilijibu kwa namna yake. Ghana, toka katikati ya miaka ya 80, watu walizunguka vijijini na televizyo, mashine ya video na jenereta, na ili kuita watu walichora afishi kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyofunguliwa na kushonwa pamoja. Mchoraji mara nyingine hakuwa ameiona filme. Aliweka nyoka ambaye hayumo, kichwa kilichokatwa ambacho hakikukatwa. Leo Wamarekani wanazinunua kwa dola nyingi na kuzitundika mu galeri, wanacheka kidogo. Mimi nazipenda kwa sababu nyingine: zinatia chumvi mpaka hakuna anayeweza kudanganyika. Ukiona mtu ana vichwa vitatu na anakula treni, unajua umeambiwa hadithi.

Nollywood ilifanya kinyume. Mwaka wa 1992 ilitoka Living in Bondage. Wengi wetu tumesikia hadithi yake hata bila kuiona: Andy anatafuta pesa, anaingia mu kundi la siri, anamtoa mke wake Merit kafara. Shika neno hili: mwenye zambi katika ile filme ya mwanzo ni bwana, kijana, mwenye tamaa ya magari. Mwanamke ndiye aliyeuawa, anarudi kama roho kudai haki yake. Lakini fuata zilizokuja nyuma, Nneka the Pretty Serpent ya 1994, halafu Karishika, halafu mamia zilizofika hapa kwetu kupitia Uganda, Rwanda na Dar es Salaam: uso wa ubaya unageuka wa mwanamke. Kwanza mrembo, anayevuta wanaume. Kiisha mama-mkwe. Kiisha mzee wa kijiji. Watanzania nao waliingia, Mussa Banzi akatoa Nsyuka na baadaye Shumileta, hadithi ya jini mwanamke, na karatasi za VCD zao zilipangwa hapa pamoja na za Wanigeria, tukazisoma kama kitabu kimoja.

Na zile karatasi zilikuwa foto. Jambo dogo, lakini kwangu ndilo lenyewe. Gunia la Ghana limechorwa, jicho linajua. Foto ya mama wa kweli, ngozi ya kweli, kitenge kama kile cha mama yako, halafu macho tu ndiyo yamebadilishwa: hiyo haisemi "sikiliza hadithi". Inasema "wako hivi". Mimi wa miaka 8 niliisoma kama habari.

Najua mtaniambia afishi haina nguvu hiyo, kwamba inaonyesha tu kile watu wanaamini tayari. Ndivyo alivyosema rafiki yangu pia. Basi nikampa mfano wa Mami Wata, yule tunayeita mamba muntu. Wazazi wetu wanakumbuka zile tablo za miaka ya 70, wakati wa Zaïre, mwanamke mrembo nusu samaki, nywele ndefu, nyoka shingoni, zilizotundikwa mu salon za watu wenye mshahara. Picha maarufu kuliko zote ya Mami Wata katika Afrika ya Mangaribi ilianza kama afishi. Afishi ya kweli, ya tangazo: mwanamke anayecheza na nyoka mu maonyesho ya Ulaya, iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, mu miaka ya 1880. Ilisafiri, ikapendwa, na mwaka wa 1955 kampuni moja ya kalenda kule Bombay iliichapa upya nakala 12,000 kwa wafanya biashara wa Kumasi. Watu wakaiweka mu sehemu za ibada. Roho za maji zilikuwako mbele, hilo nakubali, lakini sura yake, zile nywele, ule mkao, vilitoka ku tangazo la tiketi. Usiniambie afishi ni kioo tu.

Mu miaka hii kumi na tano hivi, afishi imekuwa ndogo kuliko ukucha. Kwanza zilikuja zile DVD za filme 20 mu disiki moja, vichwa vidogo vidogo ishirini ku karatasi moja. Sasa hata disiki zimekufa. Unaenda kwa kijana mwenye ordinatera, anakuwekea filme mu flash ao mu telefone, na unachagua kwa picha ya ukubwa wa stempu. Kwa ukubwa huo, usiku wa Magritte na kigari cha Rosemary ni doa jeusi. Kinachoonekana ni uso, na ndani ya uso ni macho. Kwa hiyo kila mtengenezaji, Los Angeles ao Nyawera, anafika pale pale: uso mmoja, karibu, macho yamebadilishwa rangi. Hata Wamarekani sasa wamefika kwa bibi wazee, tazama The Visit ya 2015 ao Hereditary ya 2018. Na usifikiri lugha hii imebaki mu filme. Pita barabarani uhesabu mabango ya plastiki ya maombi ya usiku kucha: moto, nyoka, minyororo, na kivuli chenye macho mekundu. Ni afishi za kutisha zile, isipokuwa mwigizaji mkuu amevaa kravate. Zamani tangazo kama hilo liliandikwa kwa brashi juu ya kaliko, herufi tupu, na watu walikuja.

Sasa niseme kwa nini naandika haya yote badala ya kumwambia rafiki yangu "kazi nzuri" nikalala.

Mu mwezi wa 9 mwaka wa 2021, hapa Kivu ya Kusini, mu Kalehe, Kabare na Walungu, wanawake 8 walioshitakiwa ulozi waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto. Mwezi mmoja. Mtakumbuka habari za bajakazi, wale wanaosema Mungu amewapa jicho la kutambua nani ni mlozi, na kundi la vijana linalofuata nyuma na mawe na petroli. Na Kivu haiko peke yake. Tanzania, upande wa Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa, na alama moja iliyotajwa mara kwa mara dhidi yao ni macho mekundu. Macho ambayo yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya kupikia watu wengine chakula juu ya moshi.

Sisemi afishi iliua mtu. Ardhi, wivu, ugonjwa bila dawa, vita visivyoisha, hayo yana uzito kuliko karatasi ya VCD. Lakini kundi likifika ku mulango likitafuta mtu, linakuja na picha tayari mu kichwa, na mimi najua ile picha, nimekua nayo. Ilinifanya nimuogope koko wangu kwa sahani ya ugali na sombe. Mu nchi ambako filme ikiisha watu wanarudi kulala, macho mekundu ni rangi tu. Hapa ni maelezo ya mtu anayetafutwa.

Rafiki yangu alinijibu kwa sauti, dakika nne, amekasirika kidogo: "Weye unataka afishi ifanye kazi ya polisi. Kazi yake ni kuuza." Ana haki kwa sehemu. Lakini The Exorcist iliuza, tena sana, na ilimficha mtoto. Na hatuhitaji kwenda mbali. Baloji, mtoto wa Lubumbashi, alitoa Augure mwaka wa 2023 na ikapata zawadi kule Cannes. Ndani yake Koffi anarudi kwa familia iliyomwita zabolo kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo usoni. Tone la damu ya pua linamwangukia mtoto mchanga, na familia nzima inaruka kama imeona shetani. Woga wote umo, mask, usiku, kelele, lakini umekaa ku upande wa anayeshitakiwa. Unaogopa pamoja naye. Tena kuna bashege waliovaa magauni ya pinki ya binti mfalme, na wanaogopesha kuliko macho mekundu yoyote niliyoona.

Juzi nilienda kwake. Tulikaa mbele ya ordinatera, akanifungulia foto ya asili ya yule mama. Ni mama wa jirani yao. Walimpiga foto mu lopango, wakamupa kilo ya sukari na sabuni, wakamwambia ni ya filme, akakubali bila kuuliza filme gani. Rafiki yangu akaondoa rangi ya macho, moja kisha lingine. Tulinyamaza wote wawili. Hata bila rangi yalikuwa mekundu kidogo, pembeni. Moshi.

Tukafanya nyingine mpaka saa 5 ya usiku. Tuliigeuza foto, tukatafuta ile ambamo mama amesimama mu mulango, mgongo kwetu. Tukatia giza. Mbele yake, mbali, mu njia inayopanda, tukaweka tochi za telefone, kumi, kumi na tano, zinakuja. Jina la filme dogo, jeupe, chini, hakuna damu. Tuliipunguza mpaka ukubwa wa stempu ili kuona kama inaonekana: zile tochi zinaonekana vizuri. Mimi niliogopa, na mimi njo niliyeziweka.

Akawatumia wale vijana. Jibu lilikuja asubuhi: "Ni muzuri sana, grafiste. Lakini mulozi iko wapi?"

Mpaka jana jioni alikuwa hajawajibu.